Nyumba ya kupanga ina sehemu ya kuotea moto, Dar es Salaam! Nimekipamba kirafu chake kipupwe hiki bila kutoa hata mia

MamaGoba (mleta uzi), Jumapili saa 2:40 usiku

Wanajamvi, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo.

Nichekeni kwanza ndipo tuendelee. Nyumba tuliyohamia mwezi wa tatu huku Goba ina sehemu ya kuotea moto sebuleni. Ndiyo, Dar hii hii ya feni mbili. Mwenye nyumba aliishi Ulaya miaka mingi, akarudi na ramani kichwani, fundi akamjengea kila kitu: matofali ya kuchoma, mdomo mpana wa kuingizia kuni, na juu yake ubao wa mninga wa mita moja na nusu. Kasoro yake moja, haina bomba la moshi. Fundi anasema hakuambiwa. Basi humo mdomoni inakaa modemu ya intaneti, na kitinda mimba wangu hujificha humo akisikia neno "kuoga".

Ubao wenyewe ulikuwa jalala. Jumamosi moja niliushusha wote nikahesabu: kadi za michango ya harusi 11 (mbili harusi zenyewe zishapita), vikaratasi vya LUKU, chaja tatu marehemu, rimoti isiyo na TV yake, dawa ya kikohozi, na ua la plastiki lenye vumbi tulilohama nalo kutoka Sinza. Nikamwambia mume wangu, baridi imeingia, leo naupamba huu ubao kama wanavyofanya wenzetu wa kwenye theluji. Akauliza bajeti. Nikamwambia sifuri. Akarudi kwenye mpira wake.

Watu wa Njombe na Makete mtanisamehe kwa kuiita baridi. Najua nyuzi 18 za usiku wa Julai kwenu ni hali ya kulala kifua wazi. Sisi tumeshatoa masweta.

Nilianza kwa kujiuliza wale wenzetu wanapamba vile kwa nini. Majira yao ya baridi ni Desemba mpaka Februari. London mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Miti mingi imepukutisha, imebaki vijiti. Ndiyo maana wanaingiza ndani matawi ya misonobari yasiyopoteza kijani, wanawasha mishumaa, na nyuma ya mishumaa wanasimamisha kioo ili mwanga mdogo uonekane mara mbili. Yaani kila kitu pale juu kimekwenda kufanya kazi. Sisi tukiiga tunachukua pamba tunaitandaza iwe theluji, sebule inafanana na chumba cha sindano. Kipupwe chetu hakina giza. Kina jua safi, kina upepo wa kusi, nguo zinakauka mapema baada ya adha ya masika, na machungwa ya Muheza yamejaa kwenye matoroli. Nikasema basi nitapamba hicho, giza la London niwaachie wenyewe.

Nikauacha ubao mtupu kutwa nzima. Hapo ndipo pagumu kuliko pote, maana watu wa nyumba hii wakiona mahali patupu mikono inawawasha. Kufikia jioni nilikuta pale funguo, kichana na nusu ya andazi.

Halafu nikatandika kanga. Doti kuukuu, mji mweupe, pindo rangi ya damu ya mzee. Nilichukua kipande kimoja nikakikunja kwa urefu, pindo likaning'inia mbele kama sentimita 15. Ishikeni hiyo kanga, tutairudia.

Nyuma nikauegemeza ukutani ungo mkubwa wa bi mkubwa wangu, uliotoboka ukingoni na sasa haupepeti kitu. Sikuuweka katikati, niliusogeza kushoto. Mbele yake kandili ya zamani (mafuta nimemwaga yote, kioo nimekisugua kwa jivu na gazeti mpaka kimelia), kando yake kibuyu chembamba, chini yao kifuu cha nazi kilichopigwa msasa. Mrefu, wa kati, mfupi, na wasogeleane kama watu wanaoteta. Ukivipanga kwa nafasi sawa sawa vinakuwa wanafunzi mstarini. Upande wa kulia nimeacha karibu nusu mita haina kitu, halafu mwishoni chupa moja ya kioo yenye tawi la mvinje.

Hiyo mivinje mnaijua, ile ya ufukweni inayovuma kama inanong'ona. Vitunda vyake ni kama koni za misonobari zilizozaliwa njiti. Tulivitoa Kigamboni, vilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtoto tangu Pasaka. Vikikauka vinafunguka na kumwaga vijimbegu vyenye bawa, kwa hiyo viacheni vimwage nje kwanza, mimi nilifagia siku mbili.

Sasa ndani ya kifuu. Wazungu wana pambo lao la majira ya baridi, chungwa zima lililochomekwa karafuu, linanukia nyumba nzima. Nilicheka peke yangu. Wanalisifia kama la kwao, na karafuu tunayo Pemba! Nilitengeneza mawili. La kwanza nilibania karafuu, nikachomeka mojamoja kwa madaha. Siku ya nane limeota ukungu wa kijani. La pili nilichomeka zikagusana, ganda lisionekane, nikalitundika jikoni juu juu ya jiko nikiligeuza kila siku. Limesinyaa, limekuwa gumu na jepesi, harufu ile ile. Toboa kwanza kwa sindano ya kushonea magunia, la sivyo kidole gumba kitakulaumu wiki nzima.

Vipande vya machungwa vilivyokaushwa nilijaribu pia. Siwashauri. Unakata vyembamba, unavianika chini ya chandarua, vinapendeza kweli, unavifunga kwenye uzi. Asubuhi sisimizi wameshapiga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye uzi na wengine wanarudi na mzigo.

Ajali ya kwanza: dirisha letu linatazama kusini. Jumapili moja mchana upepo ukaingia, ungo ukateleza, chupa ikaenda chini. Mwenye nyumba hataki misumari. Nikakata kandambili iliyokatika mkanda, vipande viwili vya ukubwa wa kiberiti, nikaviweka chini ya ungo mbele. Haujasogea tena.

Naomba kuwasilisha. Picha zinagoma kupanda.

---

Kapuku_Mstaafu

Uzi bila picha ni sawa na pilau ya kuhadithiwa.

---

BabaWatatu

Mama, hapo ulipoacha "nusu mita haina kitu" ndipo mahali pa king'amuzi. Mungu alikuonyesha, ukapitiliza.

---

MamaGoba

@BabaWatatu mume wangu naye yumo humu kwa jina lingine au ni wewe?

---

Mjukuu wa Usambara

Mimi nimezaliwa Lushoto, ngoja niseme kwa niaba ya wenye moto wa kweli. Mji wetu Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, na nyumba kadhaa za zamani zina bomba la moshi linalofanya kazi. Baba alikuwa anatunza nyumba moja ya hivyo, na sisi watoto tulikuwa tunaingizwa sebuleni Julai kuota moto kama malipo ya kubeba kuni.

Kwa hiyo MamaGoba, wewe una bahati kwamba wako haupumui. Kwenye moto halisi hiyo kanga inayoning'inia mbele ni hatari, kitu chochote kisishuke chini ya ubao. Matawi mabichi ukiyaweka juu ya moto yanakauka kwa siku mbili na yakishakauka yanataka cheche moja tu. Mishumaa mirefu ndiyo kichekesho: haijawashwa, lakini lile joto linalopanda linailainisha, asubuhi unaikuta imeinama yote upande mmoja kama waumini. Mzee alikuwa anaweka juu vitu vya udongo, shaba na mawe tu. Matawi ya mkaratusi aliyaweka kwenye mtungi sakafuni, mbali, na yakikauka yanabaki na rangi ya majivu na harufu nzuri.

Mdomo wenyewe usiuache wazi unaonyesha modemu. Panga humo magogo madogo yaliyokatwa sawa, vichwa vitazame nje. Hata kama hayatawashwa milele, jicho linatulia.

---

mdau_wa_Mafinga

Mnahangaika na vitunda vya mivinje? Huku shamba la misonobari la Sao Hill koni zimelala chini kama mawe. Tunawashia jiko.

---

BintiKigamboni

@mdau_wa_Mafinga unawashia jiko koni!! Jaza kiroba uweke kwenye basi, nauli nalipa mimi.

---

Mjukuu wa Usambara

Zikifika zioshe, usishtuke zikijifunga. Koni ikilowa inafumba, ikikauka inafumbua. Zianike juani siku tatu nne zitarudi, na wadudu watakuwa wamehama.

---

Mkereketwa

Watu maji yanatoka mara moja kwa wiki, nyie mnapamba ubao.

---

MamaGoba

@Mkereketwa na kwangu ni mara moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki nifanye nini, nikodolee bomba?

---

Mwalimu Mstaafu wa Ilala

Bibie, hongera. Ila usijishushe kwa kusema umeiga. Ukienda Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, kwenye nyumba kongwe za mawe utakuta zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa kwenye ukuta wa chumba cha ndani, safu juu ya safu. Humo waliweka sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja na majahazi, vitabu, vyetezo. Hiyo ndiyo rafu ya mapambo ya Mswahili, na haikuhitaji moto chini yake. Hata hapa Dar si mbali, nenda magofu ya Kunduchi uone makaburi yenye nguzo. Walipachika mabakuli ya kauri ndani ya chokaa. Watu waliopamba mpaka kaburi wangeshindwa ubao?

Nakusahihisha jambo moja tu. Zidaka zilikuwa na ulinganifu, kushoto na kulia vinatazamana. Wewe umelundika kushoto.

---

MamaGoba

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa zidaka, nilikuwa nazijua kwa macho, jina sikuwa nalo. Kuhusu ulinganifu nimejaribu: kandili huku, chupa kule, ungo katikati. Ikawa kama madhabahu, mtoto akauliza tunasali saa ngapi. Nimerudisha kushoto.

---

Mwalimu Mstaafu wa Ilala

Marahaba. Nyumba ni yako.

---

FundiSeremala_Buguruni

Dada, angalia huo ubao umeshikwa na nini kabla hujaongeza mtungi. Ukandamize kwa mkono pembeni, ukisikia unalia, usiweke kitu kizito. Mafundi wengine wanaupachika kwa saruji kidogo na maombi. Na mninga usije ukaupaka rangi nyeupe kwa sababu umeona kwenye picha za nje, nitalia. Ufute kwa kitambaa chenye tone la mafuta, basi.

---

BintiKigamboni

Mimi sina huo ubao wa matofali, nina kabati la vyombo la mama lenye vioo, lile la glasi zisizotumika mpaka aje padri. Nimefuata mtindo wako juu yake. Nimetoa vile vitambaa vya kufuma (mama alinuna siku mbili, nikamrudishia kimoja), nikaweka kawa lililopinduliwa, ndani majani ya mkungu. Mkungu unapotaka kupukutisha majani yanageuka mekundu kabisa, kama yale ya miti ya Ulaya kwenye picha. Yabane ndani ya kitabu kizito wiki nzima kwanza, ukiyaweka hivi hivi yanajikunja kama sigara. Nimeongeza na makombe.

---

Mvuvi_Mstaarabu

Makombe umeyatoa wapi? Nauliza kwa wema. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pale hata ganda tupu unaliacha, kuna kaa wanahamia humo.

---

BintiKigamboni

Ya jikoni kwa bibi, kaka. Tulikula mchuzi wake, magamba tukayachemsha. Kama kuna kaa alikuwa anasubiri nyumba, tulimla naye.

---

Kapuku_Mstaafu

MamaGoba ulisema tushike kanga. Mkono umechoka.

---

MamaGoba (mleta uzi), Jumatano saa 4:05 usiku

Haya, kaeni vizuri.

Kama mnavyojua kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina linakaa chini, juu kidogo ya pindo la mbele. Mimi nilikuwa natazama rangi. Nilipoikunja na kuining'iniza, jina likaja kukaa katikati kabisa ya ule mdomo wa matofali, herufi kubwa nyeusi, kama tangazo. Na ile doti nilipewa kwenye kitchen party yangu miaka tisa iliyopita, sikuwahi kuivaa nje, kwa hiyo hata jina nilishalisahau. Linasema HATA MKISEMA NDANI TUMO.

Jumatatu wifi yangu akaja. Yule mkubwa. Hakuwa ametia mguu kwangu tangu tuhame Sinza, na kuhama kwenyewe kulikuwa na maneno kidogo ambayo sitayaleta humu. Nikamkaribisha, nikaingia jikoni kuweka chai. Narudi na sinia namkuta amesimama mbele ya ubao, mkoba begani, hajaketi. Anasoma. Taratibu. Akasoma mara ya pili kwa sauti.

Akasema, "Wifi, ningejua kuna salamu zangu hapa ningekuja mapema."

Nikaapa. Nikamwambia ni pambo, ni kipupwe, nikamweleza mpaka habari za London jua kuzama. Nilipofika kwenye kandambili chini ya ungo nikaona namharibia zaidi. Mume wangu akatoka chumbani, akatazama kanga, akamtazama dada yake, akarudi chumbani. Mwanaume wa kisasa.

Chai alikunywa. Nusu kikombe.

---

BabaWatatu

Shemeji alifanya jambo sahihi. Hapo hata mimi ningerudi chumbani na kujifunika.

---

Mama_Doti

Mwanangu hujui kanga ni barua? Watu tunanunua jina kwanza, rangi baadaye! Na wewe umeitundika kwenye kifua cha nyumba. Ukitaka kutandika kanga mahali pa wageni unageuza, jina linakwenda ukutani, mbele unaacha pindo la juu. Au unatafuta ya dua, ya kumshukuru Mungu, hiyo hata mke mwenza akija hana la kushika.

---

Kapuku_Mstaafu

Nusu kikombe ni talaka ya uwifi.

---

Mjukuu wa Usambara

Nilisema kitu kisining'inie mbele. Nilikuwa nazungumzia moto, lakini naona kanuni ni ile ile.

---

FundiSeremala_Buguruni

😂😂 Mninga mtupu dada. Mninga hausemi kitu.

---

MamaGoba (mleta uzi), Jumamosi saa 1:15 usiku

Mrejesho.

Niligeuza kanga usiku ule ule, nikafuata ya Mama_Doti. Magogo pia nimepanga mdomoni, mwenye mkaa wa kona alinikatia vipande vya mwarobaini vilivyoanguka, hakutaka hela. Modemu imehamia juu ya friji, na kitinda mimba kakosa pa kujificha, anaoga.

Leo mchana wifi akapiga simu. Nikapokea nimesimama. Akaanza na hali, watoto, kazi, mvua za kwao. Kisha akauliza, "Ile kanga ungali nayo?" Nikamwambia nimeigeuza, dada, naomba tuyaache. Akasema hapana, si hivyo. Ana majirani wapya, sebule yake inatazama mlango wao, na wanamsema. Anaitaka. Doti nzima.

Saa 10 alikuwa hapa kwa bodaboda. Vikombe viwili vya chai, vitumbua vinne. Kaukagua ubao, kasema ungo uko upande mno, kausogeza, kaurudisha mwenyewe. Chungwa la karafuu nalo kalinusa, kaliweka kwenye mkoba bila kuuliza. Kaondoka na kanga zote mbili.

Kwa hiyo sasa ungo umekaa juu ya ubao mkavu, kifuu ni kitupu, na chini ya kandili kuna alama ya duara la mafuta ambayo kanga ilikuwa inaificha. Nina kipande cha kitenge cha njano na bluu kwenye sanduku. Kitafaa, au kitazidi rangi?

---

Mama_Doti

Kitenge hakina jina. Tandika.